Kizibo Cheusi: Mhadhara kuhusu Kinga ya Kaa, Kamba na Chaza

Mabibi na mabwana, wanafunzi wangu, asanteni kwa kuja na mvua hii yote ya Nairobi. Nimekuja na mgeni. Yumo kwenye kikapu hiki, magando yamefungwa vizuri, msiogope. Ni kaa wa mikoko, nimemnunua City Market asubuhi. Muuzaji alikuwa akinichagulia mwingine kwa sababu huyu mguu mmoja haupo. Nikamwambia huyo huyo ndiye ninayemtafuta.

Walio mbele, hebu tazameni pale mguu ulipong'okea. Mnaona kile kizibo cheusi, kigumu, kama lami iliyokauka? Kaa huyu amepoteza mguu mzima, akatumbukia tena kwenye matope ya mikoko, matope yaliyojaa kila aina ya bakteria, na bado yuko hai ananitolea macho. Hakuna aliyemfunga bendeji. Amejiziba mwenyewe.

Kila mwaka naletewa swali lile lile: "Daktari, kamba hana antibodi, zile protini za damu zinazomtambua na kumnasa kijidudu, sasa ana kinga gani?" Ni kweli, hana. Hana antibodi, hana zile seli zetu za limfu zinazoitengeneza. Wengi wakishajua hivyo hutamka neno "duni" na kufunga kitabu. Neno hilo linaniudhi. Mililita moja ya maji ya bahari huweza kuwa na bakteria milioni moja. Kamba anapumua humo, anakula humo, anajivua gamba humo na kubaki laini kama mtoto mchanga. Mnyama wa kinga duni angeishi humo siku ngapi?

Turudi kwenye weusi wa kile kizibo. Kina mama mnaonunua kamba mnajua: ukimweka siku mbili, hata juu ya barafu, kichwa kinaanza kuwa cheusi. Mnunuzi anakunja uso, anasema ameoza. Weusi wenyewe si uozo, wala hauna sumu. Kuoza utakujua kwa harufu. Ule weusi ni kinga ya kamba inayoendelea kufanya kazi baada ya mwenyewe kufa! Wenye viwanda huwachovya kwenye dawa ya salfaiti kusudi tu kuuzuia, mnunuzi asitishike.

Mkitaka kuuona mtaani, nendeni kwenye kibanda chochote cha chipsi. Kwa nini mama wa chipsi akishamenya viazi huvitumbukiza kwenye ndoo ya maji? Kwa sababu akiviacha nje vitakuwa vyeusi. Kiazi kilichokatwa kina kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, chenye shaba, kikipata hewa kinageuza kemikali za kiazi kuwa rangi nyeusi. Kamba na kaa wana kimeng'enya cha jamii hiyo hiyo, nacho kina shaba. Hata damu yao hubeba hewa kwa shaba, ndiyo maana haina wekundu, na ikikaa hewani huingia ubuluu.

Lakini hapa ndipo penye ufundi. Kimeng'enya hicho hakiachwi huru kwenye damu. Kimefungiwa ndani ya punje, punje zimo ndani ya seli za damu tunazoziita hemositi, na hata kikitoka bado kimelala, hakifanyi kazi mpaka kikatwe kipande na kimeng'enya kingine, ambacho nacho huamshwa na kingine kabla yake. Ni milango kadhaa, kila mmoja na ufunguo wake. Anayegonga mlango wa kwanza ni nani? Ni kijidudu chenyewe kinachovamia. Ukuta wa ukungu umejengwa kwa sukari iitwayo beta-glukani. Kamba hatengenezi sukari hiyo mwilini mwake, kwa hiyo akiigusa, hata chembe ndogo mno, anajua ni ya mgeni. Vivyo hivyo na kuta za bakteria.

Nitaulizwa, milango yote hiyo ya nini, si bora kinga iwe macho wakati wote? Hapana. Njiani kabla ya weusi kukamilika hutokea kemikali kali zinazoua vijidudu, na kemikali hizo hazichagui, zikienea zitamchoma kamba mwenyewe. Ndiyo maana damu ina protini za kuzima moto, ili weusi ubaki pale kwenye jeraha tu.

Na sasa Naivasha, maana sitawaacha muende bila Naivasha. Wale kamba wekundu wa ziwani si wenyeji. Asili yao ni Marekani, waliingizwa ziwani mwaka 1970. Jamii hizi za Marekani hubeba kwenye gamba kiumbe kinachofanana na ukungu, Aphanomyces astaci. Kiumbe hicho hicho kilipofika Ulaya kiliangamiza kamba wa mitoni kule. Watafiti wa Uswidi wakajiuliza: huyu wa Marekani anaishije nacho? Walipochunguza jamii mojawapo walikuta kwamba kamba wa Ulaya hungoja ashambuliwe ndipo aongeze kimeng'enya cha weusi, na kwa kawaida anachelewa. Wa Marekani amekiweka tele siku zote. Uzi wa ukungu ukiingia tu kwenye gamba, unafunikwa na koti jeusi. Haufi. Unabaki umefungwa pale, na kamba anaendelea na maisha yake.

Sasa sikilizeni vizuri sehemu hii. Punguza hemositi za kamba huyo wa Marekani, na ukungu ule ule alioishi nao unatoka kifungoni na kumuua. Gamba ni lile lile na jeni ni zile zile. Kilichopungua ni askari.

Wafugaji mliopo, hiki ndicho kilio changu. Hemositi hupungua hewa ikipungua majini. Hupungua amonia ikipanda, na amonia inatoka kwenye chakula mnachomwaga kikabaki chini kikaoza. Kijana mmoja mfugaji alinipigia simu kutoka Pwani, ameuziwa chupa za "chanjo ya kamba", za kudunga kama anavyodungwa ng'ombe. Nikamuuliza maji yako yana hewa kiasi gani? Hakuwa na kipimo. Pesa za kipimo ndizo alizonunulia chupa. Niliumia sana. Chanjo tunayoijua kwa ng'ombe huufunza mwili kutengeneza antibodi. Huyu utamfunza nini?

Najua, kuna mwanafunzi pale nyuma ameinua mkono, atasema kuna kumbukumbu, yaani kinga ya wanyama hawa nayo hukumbuka adui iliyewahi kukutana naye. Ipo, si haba. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba vijikamba wadogo waliowahi kukutana na mnyoo hujikinga vizuri zaidi wakikutana tena na mnyoo wa ukoo ule ule. Jambo hilo linanifurahisha na linastahili utafiti. Lakini si ruhusa ya kumuuzia mtu chupa. Na antibiotiki za kumwaga bwawani msinianzishie, zinalea bakteria sugu ambao kesho watatufikia sisi.

Kwa nini basi bwawa zima hufa kwa virusi vya madoa meupe ndani ya siku 3 hadi 10, kama ilivyoonekana Msumbiji 2011? Kwa sababu virusi hujificha ndani ya seli, na weusi hauwezi kuzungushwa hapo. Kule kamba hutumia silaha nyingine, ya kukatakata RNA ya virusi, yaani maagizo ambayo virusi hutumia kujizalisha. Muda hauniruhusu kuieleza. Chaza pia nilitaka tukae naye. Kwa kifupi, virusi vya jamii ya hepesi vilivyoua chaza wachanga Ufaransa tangu 2008 huanza kwa kudhoofisha hemositi, kisha bakteria wa kawaida wanaingia na kummaliza. Mnaona ni hadithi ile ile.

Naoneshwa saa. Kaa nitamweka hapa mezani wakati wa maswali. Anayetaka kuona kile kizibo kwa karibu aje kwa upande wa nyuma, na tafadhali asifungue magando.