Tangi, hita na shawa: kuzuia maji ya gesti yasilete ugonjwa

Habari zenu watazamaji. Tuko juu ya paa la gesti hapa Mbeya, mbele ya simtanki la lita 1000. Maji yakishavuka mita, usafi wake uko mikononi mwa mwenye jengo.

Kipindupindu na taifodi mnazijua. Huingia kwa mdomo. Wengi hawajui kuna ugonjwa wa maji unaoingia kwa pumzi. Bakteria wa lejionela walitambuliwa baada ya wageni wa hoteli moja ya Philadelphia, Marekani, kuugua nimonia kali mwaka 1976. Mtu huwavuta ndani kupitia matone madogo ya shawa. Wazee, wavutaji sigara na wenye kinga dhaifu ndio huumia zaidi. Bakteria hawa wanapenda maji ya vuguvugu, nyuzi 20 hadi 45, hasa yaliyolala. Baridi yetu ya Juni na Julai husaidia kwenye bomba la maji baridi, lakini baridi hiyohiyo ndiyo inayotufanya tuweke hita.

Tuanze na tangi. Zima hita kwenye breka, funga maji yanayoingia, kisha fungua koki ya chini maji yote yatoke. Tazama hilo tope: ndilo linaloingia kila maji ya mgao yanaporudi kwa kishindo, na bakteria hujificha humo. Sugua kuta kwa brashi yenye mpini mrefu, suuza, toa uchafu wote. Usiingie ndani ukiwa peke yako. Mfuniko ubane vizuri, na bomba la maji yaliyozidi lifungwe wavu wa mbu.

Sasa klorini. Lita 1000 zinahitaji gramu 75 hivi za klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, au lita moja na nusu ya klorini ya majimaji ya asilimia 3.5, ile ya kufulia isiyo na manukato. Koroga unga kwenye ndoo ya plastiki yenye maji. Unga ndio unaofuata maji, si maji kumwagiwa juu ya unga. Vaa glavu na miwani. Mimina tangi likiwa limejaa nusu, kisha lijaze. Shuka ufungue bomba moja moja, kuanzia lililo karibu na tangi, hadi usikie harufu ya klorini, halafu funga. Acha saa 24, na mtu yeyote asitumie maji hayo. Baadaye yamwage taratibu kwenye ardhi tupu, mbali na kisima, bustani na mto. Yasiende kwenye karo, yatawaua bakteria wanaosaga uchafu. Suuza tangi na mabomba, jaza upya, kisha pima kwa vijikaratasi vya klorini: usirudishe wageni kabla kipimo hakijashuka hadi miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa lita.

Hita ndiyo penye makosa mengi. Ili kubana umeme, watu huiweka nyuzi 40 au 45, joto lile lile la kuoga. Hapo umewafugia bakteria. Maji ndani ya hita yawe nyuzi 60. Kabla fundi hajafungua kifuniko cha kidhibiti joto, breka izimwe. Kisha pima bombani kwa kipimajoto cha jikoni (cha homa huishia nyuzi 42 tu): ndani ya dakika moja yafike nyuzi 50 au zaidi. Yakichelewa, bomba ni refu au halijafunikwa. Hita ya jua peke yake haitoshi siku za mawingu, kwa hiyo washa kifaa cha umeme kilichomo. Nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo weka mikisa ya kuchanganya maji bafuni. Shawa ya umeme inayochemsha maji yakipita haina tangi, hivyo hatari yake ni ndogo.

Kichwa cha shawa kifungue, kiloweke kwenye siki usiku kucha, sugua chokaa, suuza sana, ndipo ukiloweke kwenye klorini. Siki na klorini zikikutana hutoa gesi ya sumu. Asidi ya chooni ni mbaya zaidi.

Mabomba yasiyo na kazi, kama lile la sinki lililoondolewa na kuzibwa kwa plagi, yakatwe pale yanapotoka kwenye bomba kuu, maana maji hulala humo.

Chumba kisicho na mgeni, fungua bomba la maji ya moto na la baridi dakika tano kila wiki. Funga kichwa cha shawa kwa mfuko wa plastiki uliokatwa kona moja, maji yaelekee chini bila kurusha matone, na dirisha liwe wazi. Andika tarehe, chumba na nyuzi joto kwenye daftari. Mgeni akipata homa, kikohozi na kubanwa pumzi ndani ya wiki mbili baada ya kulala hapo, daftari hilo mpelekee daktari.