Vema Isiyosomwa: Kuhusu Uchovu wa Mwalimu wa Shule ya Umma

Ndugu walimu wenzangu, na ndugu maafisa elimu mliokuja kutusikiliza,

Naomba nianze na daftari moja la hisabati la darasa la tatu. Mtoto ameandika kwamba 48 jumlisha 27 ni 65, kwa kuwa alisahau kubeba moja, na kando ya jibu hilo pana vema kubwa ya wino mwekundu. Vema ile niliiweka mimi. Nilikuwa nimefika daftari la tisini hivi, usiku, na mkono uliendelea kusahihisha baada ya macho kuacha kusoma. Nilipolirudia daftari lile wiki mbili baadaye, kosa lilelile lilikuwa limejirudia ukurasa baada ya ukurasa, na kila mahali pana vema yangu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii ya uchovu wa kazi kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini usiopatiwa ufumbuzi, likataja dalili zake tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na kushuka kwa ufanisi. Halikuiita ugonjwa, nami nakubaliana nalo, kwani tukiiita ugonjwa tutamtafutia mwalimu dawa na kuiacha kazi kama ilivyo.

Basi tuitazame kazi yenyewe. Kiwango cha Serikali ya Tanzania kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Elimumsingi ilipoanza kutolewa bila malipo Januari 2016, na michango ya lazima ikapigwa marufuku, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa fedha waliingia madarasani, jambo lililonifurahisha na linalonifurahisha hadi leo; lakini idadi ya walimu haikuongezeka kwa kasi ile, na darasa langu lilifika watoto 118. Daftari moja likisomwa kwa haki huchukua dakika mbili. Hizo ni dakika 236, karibu saa nne, kwa zoezi moja la somo moja, nami nilikuwa na masomo matatu. Andalio la somo, zamu, na takwimu zinazotakiwa leo hii kabla ya saa sita mchana bado sijazihesabu.

Dalili ya moyo kujitenga ndiyo iliyoniumiza zaidi. Mwaka ule niliacha kuwaita watoto kwa majina, nikawa nasema "wewe wa dirishani", nami zamani nilijua hata nani analala kwa bibi yake.

Ndugu maafisa elimu, ninalo ombi moja. Usahihishaji uingizwe kwenye ratiba kama vipindi vya kufundisha vinavyoingizwa, na mwenye darasa kubwa aruhusiwe kusoma daftari 30 kwa siku, kwa zamu, ili kila mtoto asomwe kwa makini angalau mara moja katika siku nne. Nilijaribu hivyo muhula wa mwisho wa mwaka ule, safu kwa safu. Mdhibiti ubora alipokuja alihesabu mazoezi yaliyosahihishwa, akayaona machache, nikaandikiwa kwamba siwajibiki. Mtoto wa 65, hata hivyo, alikuwa ameshajua kubeba.