Aliyehariri kwa Ajili ya Aliyepigwa

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mlioko nyuma mnanisikia? Haya.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya watangazaji wa mashindano yetu ya gemu, leo tunapomuaga dada yetu anayehariri video zetu. Amenipa sharti moja tu: nisilitaje jina lake, kwa kuwa maneno haya yataandikwa na kusambazwa. Mtu aliyetuonyesha sisi sote hataki kuonyeshwa yeye. Basi nitamwita dada, na hakuna humu asiyemjua.

Nitaanza na mashindano ambayo hatukuyahudhuria. Mwaka 2004, California, mashindano ya Evo, yale makubwa ya gemu za kupigana, gemu ni Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo Umehara wa Japani anacheza na mhusika Ken, Justin Wong wa Marekani anacheza na Chun-Li. Ken amebakiwa na laifu kiduchu, kiasi kwamba hata akibloki shambulizi kubwa, ule mkwaruzo unaopenya hata ukibloki peke yake ungemmaliza. Justin anaachia mateke 15 mfululizo. Daigo habloki. Anasukuma kijiti mbele, upande wa adui, sawasawa na pigo linapofika, na kwa gemu hiyo pigo hilo halikuumizi; teke baada ya teke, yote 15, kisha anarudisha kombo, mapigo yaliyoungana, na raundi imekwisha. Ukumbi mzima unapiga ukelele. Video hiyo wengine wenu mliiona hata kabla hamjajua kushika pedi.

Sasa niambieni: kombe la mwaka ule la gemu hiyo alilichukua nani?

Kimya. Alilichukua Kenji Obata, na fainalini alimfunga Daigo huyo huyo. Lakini mkitajiwa 2004 mnamkumbuka mshindi wa pili, kwa sababu kipande chake ndicho kilichotembea dunia nzima. Huo ndio uzito wa kazi aliyoifanya dada hapa Mombasa, na sisi kwa muda mrefu tulidhani kazi yake ni kubandika muziki.

Nitawaambia mambo aliyoyagombania. La kwanza, fremu. Tekken, gemu yetu ya kupigana, inakwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde. Jebu ya kawaida inamfikia mtu kwa fremu 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Tulikuwa tukitoa video zetu kwa fremu 30 ili faili liwe dogo na bando lisiishe, na tukajiona werevu. Dada akatuketisha, akatuwekea mechi moja kwa namna mbili. Kwenye ile ya 30, kila fremu moja kati ya mbili haipo. Bega linaloinama kabla ya teke la chini, ile dalili ndogo unayoitegemea ili ubloki, mara nyingine imeangukia kwenye fremu iliyotupwa. Akasema, hii ni video ya mtu wa kutazama, si ya mchezaji. Tangu siku hiyo ni 60, na bando tukalilia kimyakimya.

La pili, stima. Mnakumbuka ile fainali iliyozimika katikati? Kila mtu alijua mechi imepotea. Kumbe dada alikuwa amebadilisha mpangilio wa OBS, ile programu ya kurekodi, zamani, inarekodi kwa aina ya faili ya mkv badala ya mp4. Faili la mp4 likikatizwa kabla ya kufungwa vizuri, mara nyingi halifunguki tena. La mkv linabaki salama hadi pale umeme ulipokatika. Stima iliporudi, sisi tunabishana nani alikuwa anaongoza, yeye ameshafungua faili na kuturudisha palepale: raundi ya nne, sekunde 22 kwenye saa, laifu ya kila mmoja iko wazi. Ugomvi ukaisha. Waamuzi wetu ni watu wazuri, lakini siku ile aliyeamua ni faili.

Hayo ni ya mitambo, na mtu makini anaweza kujifunza. Ninalotaka kulikalia ni lingine.

Watu wengi wanaohariri gemu wanahariri kwa ajili ya mshindi. Kombo ndefu, skrini inatikisika, ngoma inapigwa, jina linawaka kwa rangi ya dhahabu. Dada alikuwa akihariri kwa ajili ya aliyepigwa. Kuna kijana mmoja wa Likoni, yuko humu, anainamisha kichwa sasa hivi. Alikuja mashindano yake ya kwanza akachapwa raundi tatu kwa sifuri, na tena vibaya. Mimi mtangazaji nilimcheka hewani. Dada alikuwa na tabia ya kuweka simu kwenye stendi, inachukua mikono ya mchezaji tu. Akachukua video ya gemu, akaweka mikono pembeni, akasawazisha sauti za vitufe mpaka zikalingana na picha. Kisha akakata nyakati zote ambazo kijana aliangushwa. Kila akianguka, kidole gumba kinakwenda kulekule, anainuka na teke. Mara ya kwanza, teke. Mara ya pili, teke. Mpinzani alishamsoma, anabloki tu na kumwadhibu. Dada hakuandika neno hata moja juu ya video hiyo, hakuweka muziki, hakuipandisha popote. Alimtumia kijana mwenyewe kwa WhatsApp. Kijana huyo sasa ni miongoni mwa watu wagumu kuwaangusha katika jiji hili, na nimekula kichapo chake.

Kuna waliolalamika. Walisema video za mashindano zinapoa, kwa nini anaacha sekunde za mtu ametulia baada ya kufungwa, kwa nini haendi moja kwa moja kwenye kombe. Mimi nasimama na dada. Katika mtoano wa watu 32 mmoja anaondoka na kombe, na 31 wanaondoka wamefungwa. Ukiwakata hao, umewakata karibu wote waliolipa kiingilio.

Si kwamba hakuwa na makosa. Alikuwa mzito kumaliza kazi. Fainali ilikuwa ikitoka wakati tumeshaisahau. Na alikuwa akizima sauti zetu watangazaji bila kuuliza. Niliwahi kumwambia, dada, pale nilisema neno zuri sana. Akanijibu, pale ulipiga kelele kaka, na mtu alikuwa anafikiri.

Mwaka 2019 Arslan Siddique kutoka Lahore, Arslan Ash, alichukua Evo Japan mwezi wa pili, na mwezi wa nane akachukua Evo ya Las Vegas. Dunia ya Tekken ilishtuka, kwa sababu wachezaji wa Pakistani walikuwa hawajaonekana sana nje ya kwao. Walikuwapo, wanapigana kila siku, ila hawakuonekana. Kenya tunaye Sylvia Gathoni, QueenArrow, anayecheza kwa kulipwa, lakini hapa Pwani mtu akitaka kujua tunachezaje, atajulia wapi? Kwenye kazi ya dada. Hakuna kingine.

Na tulimlipa nini? Biriani, soda, na nauli ya tuktuk, tena nauli wakati mwingine ya kwenda tu. Sasa amepata kazi Nairobi ya kuhariri matangazo ya biashara, kwa mshahara. Asije mtu kumwambia ametuacha. Mweka hazina, lile bakuli lisipite hapa mbele tu, lifike hadi mlangoni.

Jambo la mwisho ni la kikazi. Dada ametuachia diski mbili za video, folda zimepangwa kwa tarehe, na vijana wawili amewafundisha tangu Ramadhani. Diski ya kwanza wameifungua. Ya pili ina neno la siri. Dada, karibu mbele uchukue zawadi yako, na kabla hujakabidhiwa, mnong'oneze huyu kijana hilo neno.