Siku Shee Alipojiita Pono

RUKIA: Wasikilizaji, hamjambo. Kabla sijawakaribisha vizuri, nisaidieni kumwamkia pono, yule samaki.

SHEE: Umeanza.

RUKIA: Nimeanza wapi, yakhe? Habari imefika Lamu kabla hujashuka kwenye basi Mokowe. Nimekaa zangu gatini nakaanga, mtu anapita ananiambia, "Rukia, mwenzako kule Malindi kajiita pono." Nikasema haiwezekani, Shee ana akili zake.

SHEE: Basi waambie watu chanzo, wasije wakadhani nimerukwa.

RUKIA: Waambie wewe. Mimi nimekuja kucheka.

SHEE: Wiki nzima nilikuwa kwenye mafunzo ya uongozi. Tulikuwa ishirini na kitu: sisi wa uvuvi, askari wa wanyamapori, wa misitu wawili watatu, na wenyeviti wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia bandari zao. Siku ya kwanza, hata mahamri hayajashuka tumboni, mkufunzi akasema kila mtu ajitambulishe kwa kutaja kiumbe wa baharini anayefanana na uongozi wake.

RUKIA: Na hiyo mnalipwa posho.

SHEE: Tunalipwa. Basi ikaanza: papa. Papa. Papa. Askari wa wanyamapori wote ni papa. Mmoja akasema nyangumi, na mwenyewe ana tumbo, tukainamisha vichwa. Mama mmoja wa Watamu akasema kasa, kwa sababu hurudi kutaga pwani ile ile aliyozaliwa. Huyo alipigiwa makofi. Ikafika zamu yangu, nikasema pono.

RUKIA: Ukumbi ukalala.

SHEE: Ukumbi ulicheka mpaka mhudumu wa hoteli akachungulia mlangoni. Maana sote tumekuzwa na neno moja, usingizi wa pono, yaani usingizi mzito. Mkufunzi si mtu wa pwani, hakuelewa kinachochekwa. Akaandika kwenye karatasi ya ukutani kwa herufi kubwa: PONO, KIONGOZI MTULIVU.

RUKIA: Allah! [kicheko]

SHEE: Tangu hapo sina jina. Nikichelewa chai, pono kalala. Nikifumba macho kidogo baada ya chakula cha mchana, watu wanapiga picha.

RUKIA: Picha nimeiona. Mdomo wazi.

SHEE: Lakini mimi sikusema kwa mzaha. Nina hoja.

RUKIA: Toa hoja, tuna saa moja tu. Mashua ya Kizingitini inaondoka maji yakiwa juu, na mkondo wa Mkanda ukishakupwa haupitiki.

SHEE: Kwanza, wazee hawakutunga. Wako pono ambao usiku hutoa utando mdomoni wakajifunika mwili mzima, wakalala ndani yake. Ukizamia usiku ukammulika, utamkuta kama mtu aliye ndani ya chandarua.

RUKIA: Kiongozi ndani ya chandarua. Endelea.

SHEE: Sasa mtazame mchana. Meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku. Anauma jiwe. Ukizamia kimya unamsikia, kru, kru, kru. Anakwangua majani ya bahari yaliyoota juu ya matumbawe yaliyokufa, anasaga na jiwe lenyewe, linatoka mchanga. Pono mkubwa mmoja kwa mwaka anatoa mchanga mamia ya kilo.

RUKIA: Anautoa wapi?

SHEE: Unajua anautoa wapi.

RUKIA: Nataka ukiseme wewe, afisa.

SHEE: Kwa nyuma. Sikiliza, Rukia. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, matumbawe yalipauka kuanzia Malindi mpaka Kiunga. Tumbawe likifa, majani yanalivamia, na pakishajaa majani, tumbawe changa halipati pa kushika. Anayesafisha ni nani? Pono, kangaja, na wenzao walao majani. Hatoi amri, hapigi kwata. Anasafisha mahali ili wengine waote. Mimi kwangu huo ndio uongozi.

RUKIA: Kwa hivyo kiongozi ni anayekula jiwe la watu wote, kisha sisi anatuachia mchanga aliotoa kwa nyuma. Mbona wa hivyo tunao wa kutosha?

SHEE: Hayo ndiyo waliyonijibu ukumbini! Neno kwa neno!

RUKIA: Na hujasema mengine. Mimi nimeuza samaki miaka kumi na tisa, usinifiche. Pono wengi wanaanza majike, sivyo?

SHEE: Wanaanza majike, baadaye wakikua wengine wanageuka madume. Wale wa rangi kali, buluu na kijani, mara nyingi ndio madume. Chewa wengi nao ni hivyo hivyo.

RUKIA: Kwa hivyo hata baharini, ukitaka cheo mpaka uwe dume.

SHEE: Sikusema hivyo.

RUKIA: Wanawake mlikuwa nao wangapi kwenye hayo mafunzo?

SHEE: Wanne.

RUKIA: Kati ya ishirini na kitu. Bado hawajageuka rangi, maskini.

SHEE: [kicheko] Hilo nitalipeleka kwa mkufunzi. Sasa niruhusu, nimeandika masomo matatu hapa, wasikilizaji wapate faida. Somo la kwanza…

RUKIA: Ngoja. Wewe ungesema chewa. Chewa humeza kila kitu, mkubwa wa ofisi ni chewa.

SHEE: Rukia, somo la kwanza.

RUKIA: Haya, pono, fundisha.

SHEE: Askari wa wanyamapori wengi wamepitia chuo chao cha Manyani. Kule wanafundishwa silaha, kwata, kufuata nyayo porini. Mtu anafanya kazi vizuri miaka kumi, anapandishwa cheo, anapewa kituo, boti na watu wa kuongoza. Asubuhi ya kwanza anakuta wavuvi arobaini wamesimama mlangoni, wamekasirika. Kwata haimsaidii kitu. Na sisi wa uvuvi ni hivyo hivyo: nilisomea samaki, sikusomea watu. Halafu tangu kanuni za mwaka 2007, BMU nazo zina sauti katika kusimamia bandari zao. Huwezi tena kuja na barua ukaibandika ukaondoka.

RUKIA: Hapo nakubali. Na wanaibandikaga juu, hakuna anayeifikia kuisoma.

SHEE: Mkufunzi akasema Marekani wana chuo kizima cha kazi hii, huko Shepherdstown, West Virginia, kilifunguliwa 1997 kwa ajili ya watu wa samaki na wanyamapori. Na mengi wanayofundisha wakufunzi siku hizi yametoka kwa mhadhiri mmoja wa Harvard, Ronald Heifetz. Huyo anasema kuna shida za aina mbili. Moja ni ya fundi: mashine imekufa, mwite anayejua, atengeneze. Ya pili haina fundi, mpaka wenye shida wenyewe wabadilishe mazoea yao. Na viongozi wengi hukosea kwa kuitibu ya pili kama ya kwanza.

RUKIA: Hilo zuri.

SHEE: Akasema tena kiongozi awe anatoka uwanjani, apande roshani, aitazame ngoma kwa juu aone nani anacheza na nani.

RUKIA: Huku kwetu anayekaa dirishani kutazama nani anacheza na nani ana jina lake, na si kiongozi.

SHEE: [kicheko] Lakini kitu kilichonishangaza ni pesa. Idara za majimbo kule Marekani zinaendeshwa kwa sehemu kubwa na leseni za wawindaji na wavuvi, pamoja na ushuru wa bunduki na risasi, sheria ya 1937, na wa vifaa vya kuvulia, sheria ya 1950.

RUKIA: Yaani mvuvi akiingia ofisini anaamkiwa?

SHEE: Angalau wanajua nani anawalipa. Hapa uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Kwa wanyamapori anayelipa ni mtalii langoni. Kwa hivyo mtoto wa kijiji anakua akijua bahari ile ina mwenyewe, naye si yeye. Malindi pale imehifadhiwa tangu 1968 na huvui kabisa ndani ya mipaka. Kiunga, tangu 1979, unavua kwa zana za kiasili, na bado watu wanagombana kila mwaka ipi ni ya kiasili.

RUKIA: Na juya, ule wavu wa kukokota?

SHEE: Ndiyo nafika huko. Siku ya tatu tuliigiza. Mimi afisa. Mwenyekiti mmoja wa BMU akawa mzee anayevuta juya. Alichukua kitambaa cha meza ya hoteli, akakikunja mara mbili, akakaa chini sakafuni kweli kweli, akawa anachambua tafi wa kuwaza tu, wadogo wa urefu wa kidole. Nikamwendea. Nikamwambia, mzee, juya ni marufuku tangu 2001. Hakuniangalia. Akasema, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa nikikuvusha kwenda skuli."

RUKIA: Eh.

SHEE: Nikakwama. Maigizo, lakini nilikwama. Mwisho nikamwambia, kunja juya lako, nenda nyumbani, alasiri njoo ofisini na wenzako watano tuzungumze. Sikulichukua.

RUKIA: Ulikosea.

SHEE: Mkufunzi alisema…

RUKIA: Mkufunzi haishi bandarini. Ulikosea, Shee.

SHEE: Ningelichukua lile juya, kesho wanavuta lingine usiku. Njaa haikuchukuliwa. Hiyo si shida ya fundi.

RUKIA: Nikwambie jambo, na wasikilizaji wengine wanalijua. Ami yangu alichomewa juya. Walikuja asubuhi, wakalirundika pwani pale, wakalimwagia mafuta. Nailoni haiwaki kama karatasi. Inajikunja, inadondoka matone meusi, na harufu inakaa kwenye nguo siku tatu. Yale maboya alikuwa amekata mwenyewe kwa champali kuukuu. Moja lilikuwa jekundu, la champali yangu mimi ya utotoni. Liliruka kando halikuungua. Analo mpaka leo.

SHEE: Sasa wewe ndiye ungesema asichomewe.

RUKIA: Sisemi hivyo! Ndipo usiponielewa. Juya linakomba vifaranga, ami mwenyewe alijua. Kilichomuuma ni kwamba mwendo wa robo saa kutoka pale kulikuwa na juya lingine, kubwa kuliko lake, la mtu mwenye mashua mbili na simu za wakubwa. Halikuguswa. Lilivuta siku ile ile, na samaki wake nilinunua mimi, nikijua.

SHEE: Hilo ni baya, lakini si…

RUKIA: Ndilo hilo! Wewe leo umemwachia mzee kwa sababu alikuvusha. Huyo tajiri atakuwa alimvusha afisa mwingine. Kila mtu ana aliyemvusha. Mimi kiongozi namtaka mkono wake uwe sawa. Lichukue la mzee, saa ile ile ulichukue la tajiri, halafu ndiyo mkae mzungumze.

SHEE: Na kama tajiri humwezi? Boti huna mafuta, faili linapotea?

RUKIA: Basi usianze na mzee.

SHEE: Haya, kwa hivyo nisimchukulie mzee!

RUKIA: Usiniviringishe maneno. Nimesema wote.

SHEE: Wote kwa siku moja, askari wawili na boti moja? Rukia, mimi nazungumza kazi iliyopo. Nikimketisha mzee na wenzake watano, hao ndio watakaonitajia juya la tajiri linavutwa lini. Nikilichukua la mzee, bandari nzima inafunga mdomo, na tajiri anakaa salama zaidi.

RUKIA: Watakutajia, halafu utafanya nini? Utampeleka naye alasiri akanywe chai?

SHEE: Nitakwenda nimkamate.

RUKIA: Wewe? Pono?

SHEE: Usilete pono hapa.

RUKIA: Pono mwenyewe umemleta. Umesema anasafisha kimya kimya. Sasa ukimya ndio uliomlinda yule mwenye mashua mbili.

SHEE: Na kelele za ule moto zilifanya nini? Zilileta samaki? Ami yako aliacha juya?

RUKIA: …Aliacha bahari.

SHEE: Haya.

RUKIA: Usiseme haya, hujashinda.

SHEE: Sijasema nimeshinda. Wala hujanishinda.

RUKIA: Ukumbini walisemaje?

SHEE: Waligawanyika nusu kwa nusu. Wale papa wote walikuwa upande wako.

RUKIA: Kwa mara ya kwanza nawapenda papa.

SHEE: Na yule mama kasa alikuwa upande wangu. Lakini alisema andika. Umemwachia nani, siku gani, kwa sababu gani, na bandari nzima isikie. Asiwe mtu anasamehewa gizani.

RUKIA: Huyo ana akili. Hilo ningelisikiliza. Sijasema nakubali, nimesema ningelisikiliza.

SHEE: Tumebakisha dakika ngapi? Somo la pili lilikuwa jinsi ya kuendesha mkutano wenye hasira, na la tatu, mkubwa anapokosea mdogo amwambieje.

RUKIA: Hilo la tatu ndilo ningelitaka!

SHEE: Ulinipeleka kwenye pono.

RUKIA: Nahodha yule anapunga mkono. Maji yameanza kugeuka, mimi Mkanda sitaki kulala ndani yake na mbu. Soma haraka.

SHEE: Haisomeki haraka. Acha, naikunja karatasi.

RUKIA: Wasikilizaji, samahanini. Mwenye swali amtafute gatini, lakini asimwendee baada ya chakula cha mchana.

SHEE: Rukia, nenda zako.

RUKIA: Juya la mzee ningelichukua.

SHEE: Mimi nisingelichukua.

RUKIA: Shika hiyo ndoo, nisaidie mpaka kwenye mashua. Taratibu, ni ya shangazi.

SHEE: Nzito hivi? Samaki gani humu?

RUKIA: Usifunue.