Kumwandaa asistanti anayefundisha uandishi: tuanzie kwenye karatasi za wanafunzi

Mhadhara uliotolewa Lubumbashi mbele ya asistanti, mashefu wa travo (walimu wa chuo wa ngazi iliyo juu ya asistanti) na wanafunzi wa masta

Waheshimiwa maprofesa, mashefu wa travo, ndugu asistanti, nanyi wanafunzi wa masta mliokuja kutusikiliza, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuwaandaa vijana wanaofundisha uandishi katika mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, huku wao wenyewe bado wanasoma masta au wanaandaa udaktari. Niseme tangu mwanzo ninachokiamini: mwalimu wa uandishi huandaliwa kwa kusoma karatasi za wanafunzi pamoja na wenzake, kwa utaratibu unaojulikana, tangu wiki ya kwanza hadi mitihani. Chuo kisichompa nafasi hiyo kimemwacha peke yake, hata kama kimemwalika kwenye semina tatu na kumpa cheti kwa kila moja.

Tunafahamu mambo yanavyokwenda hapa kwetu. Kijana anamaliza masomo kwa pointi nzuri, anateuliwa kuwa asistanti, na mara moja anakabidhiwa kazi za vitendo za somo la mantiki na uelezaji kwa mdomo na kwa maandishi, mbele ya oditwari, yaani ukumbi wa mihadhara, iliyojaa hadi madirishani. Anapewa silabasi ya profesa, chaki, na rundo la karatasi za kusahihisha. Hakuna anayekaa naye kumwonyesha karatasi iliyosahihishwa vizuri ikoje. Na kazi hiyo haipungui: sheria ya elimu ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), ambao unahesabu kazi binafsi ya mwanafunzi ndani ya krediti zake. Mwanafunzi anatakiwa kuandika zaidi, na msomaji wake wa kwanza, mara nyingi msomaji wake pekee, ni asistanti.

Tatizo hili si la Kongo peke yake. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza somo la utunzi mwaka 1885, vyuo vingine vikafuata, na kwa miaka mingi sasa katika vyuo vikubwa vya huko somo hilo linafundishwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi wa masta na wa udaktari. Katika vyuo vingi, kijana anayeingia darasani kwa mara ya kwanza hulazimika kuhudhuria, muhula huohuo, somo la namna ya kufundisha uandishi, ili lile lililomshinda Jumatatu alizungumze na wenzake kabla wiki haijaisha. Chama cha walimu wa uandishi wa vyuo vya huko, kilichoanzishwa mwaka 1949, kinapendekeza darasa la uandishi lisizidi wanafunzi 20, na kinaona 15 ndiyo idadi inayofaa zaidi. Najua baadhi yenu mnawaza oditwari zenu. Sitawaambia tuige idadi hiyo mwezi ujao, ila ni vizuri tujue kwamba wenye uzoefu wa kazi hii wanaipa uzito wa kiasi gani, ili siku tunapodai nafasi ya kuifanya ipasavyo tusijione watu wa kulalamika bure.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1961, huko Princeton, Paul Diederich na wenzake wawili walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila asistanti angepaswa kulijua. Walichukua insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo, wakawapa wasomaji 53 waliotoka katika fani sita, miongoni mwao walimu wa lugha, walimu wa sayansi, wanasheria na wafanyabiashara. Kila msomaji alitakiwa azigawe insha hizo katika mafungu tisa kulingana na ubora, bila kuambiwa atumie kigezo gani. Katika kila insha 100, insha 94 zilipewa angalau alama saba tofauti, na hakuna hata insha moja iliyopata chini ya alama tano tofauti. Watafiti walipochunguza sababu waligundua kwamba wasomaji hawakuwa wazembe: kundi moja lilitazama zaidi mawazo, jingine makosa ya sarufi na tahajia, jingine mpangilio, jingine uteuzi wa maneno, na jingine ladha ya mwandishi mwenyewe. Kila mmoja alikuwa mwaminifu kwa jambo alilolithamini.

Tulete jambo hilo hapa. Asistanti wawili wanagawana karatasi za mwaka mmoja wa masomo, mmoja anachukua majina ya A hadi K, mwingine yanayobaki. Herufi ya kwanza ya jina la mwanafunzi inaweza kuamua kama atapita au atarudi kikao cha pili cha mitihani. Hiyo ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia, na dawa yake ni rahisi. Kabla ya kugawana rundo, walimu wote wa somo wapate nakala za karatasi nne zisizo na majina, kila mmoja azisahihishe peke yake, kisha wakutane na kila mmoja aeleze alichokitazama. Mabishano juu ya alama 11 au 13 kati ya 20 yasubiri. Kwanza mtu aseme kwa sauti, mbele ya wenzake, kwa nini karatasi hii ilimgusa na ile ilimchosha. Hapo ndipo anajifunza kazi, kwa kuwa analazimika kuona kile alichokuwa anakihukumu bila kujua.

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kiliwafungulia milango wahitimu wote wa shule za sekondari za jiji hilo, wakaingia vijana ambao hawakuwa wameandaliwa kwa uandishi wa chuo. Mwalimu mmoja, Mina Shaughnessy, alisoma insha zao zipatazo 4,000, na badala ya kutoa kilio juu ya kushuka kwa kiwango alionyesha kwamba makosa yao yalikuwa na mantiki: mwanafunzi anakosea kwa sababu anafuata kanuni fulani, japo kanuni hiyo siyo inayotakiwa mahali pale. Fundisho hilo linatufaa sisi hasa, ambao wanafunzi wetu wanaandika Kifaransa huku nyumbani na mtaani wanaishi kwa Kiswahili.

Chukueni aya moja ya aina tunayokutana nayo kila mwaka. Mwanafunzi wa Katuba, hapa mjini, ameambiwa aeleze tatizo moja la mtaa wake. Sentensi yake ya kwanza inasema kwamba tangu zamani binadamu amehitaji maji, na ya pili inasema kwamba maji ni uhai. Ya tatu inamtaja mama yake anayeamka usiku kwenda kupanga vidumu, na hapo kiwakilishi cha Kifaransa kimegeuka kuwa cha kiume («il» badala ya «elle»). Ya nne ni ndefu na imejikanyaga, lakini inasema kwamba bomba likikauka, jirani mwenye kisima ndiye anayeamua ni mtoto gani atawahi shule, kwa kuwa yeye ndiye anayepanga saa za kuteka. Msahihishaji mwenye haraka atakizungushia duara kiwakilishi, ataikata sentensi ya nne kwa kalamu nyekundu, kisha ataandika pembeni: «Jieleze vizuri.» Lakini mwanafunzi huyu ana wazo, na wazo lenyewe limo katika sentensi iliyokatwa. Imejikanyaga kwa sababu ndiyo pekee aliyoifikiria mwenyewe, ilhali zile mbili za kwanza amezikariri. Kiwakilishi nacho kina asili yake, kwani katika Kiswahili mama na baba wanatajwa kwa namna moja. Asistanti aliyezoea kusoma namna hii ataandika: «Wazo lako liko hapa. Anza nalo, kisha nionyeshe limempata nani.» Maneno hayo machache yanampa mwanafunzi kazi ya kufanya, na hayachukui muda mrefu kuliko duara kumi nyekundu.

Mtaniuliza: kwa karatasi 300? Richard Haswell, mwalimu wa chuo kimoja cha jimbo la Washington, alieleza mwaka 1983 njia ambayo tungeweza kuijaribu. Kosa la juu juu, kama la tahajia, halisahihishwi na mwalimu. Anaweka alama ndogo pembeni mwa mstari wenye kosa, na mwanafunzi analitafuta na kulirekebisha mwenyewe kabla alama haijaandikwa. Haswell aliona kwamba wanafunzi wake waliweza kurekebisha zaidi ya nusu ya makosa hayo bila msaada. Muda unaookolewa unakwenda kwenye mawazo na mpangilio, ambako mwanafunzi anamhitaji msomaji kweli.

Kutembeleana madarasani nako kuna faida, mradi anayetembelea awe asistanti mwenzake na asiandike ripoti ya kupeleka kwa mkuu wa idara. Na asistanti ambaye tasnifu yake mwenyewe imekwama angekuwa na haki ya kuwaletea wenzake kurasa tano, kwa sababu mtu anayesomwa kwa makini hujifunza kusoma wengine kwa makini.

Linalobaki ni la wakubwa wetu. Asistanti anapanda cheo zaidi kwa makala alizochapisha, na saa anazokaa na wenzake juu ya karatasi za mwaka wa kwanza hazionekani katika faili lake. Naomba idara ziziingize saa hizo katika ratiba, ziziandike katika tathmini ya mwaka, na zimteue shefu wa travo mmoja wa kuzisimamia, naye apunguziwe mzigo mwingine. Wakati huohuo tusisubiri barua ya kibali. Karatasi nne za kwanza ziko hapa mbele, majina yamefutwa, na nakala zinatosha. Kila mmoja achukue zake, azisahihishe peke yake, na Alhamisi ijayo saa tisa tukutane katika chumba hiki tukiwa na alama zetu na sababu zetu.