Vitatuzi viwili, tatizo moja

Ndugu wasikilizaji, tuanze na masharti matatu: a ≤ b, b ≤ a, na f(a) − f(b) ≥ 1. Swali ni kama yote matatu yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Tuna vitatuzi viwili, yaani programu za kujibu maswali ya aina hii. Kitatuzi cha hesabu hakijui f ni nini. Kitatuzi cha fankisheni hakijui kutoa wala kulinganisha. Kinachojua ni kwamba a ikiwa sawa na b, basi f(a) ni sawa na f(b). Kila kimoja peke yake hakioni kosa lolote, ingawa masharti hayo hayawezi kuwa kweli pamoja.

Njia ya Nelson na Oppen ya mwaka 1979, ya kuunganisha vitatuzi, huanza kwa kutenganisha masharti. Ita f(a) u, na f(b) uite v. Hesabu inabaki na a ≤ b, b ≤ a, u − v ≥ 1; upande wa pili unabaki na u = f(a), v = f(b). Hesabu inagundua a = b, inapeleka habari. Upande wa pili unarudisha u = v. Sasa hesabu inasoma 0 ≥ 1, na kazi imekwisha. Kilichovuka mpaka ni usawa wa vigeu vya pamoja tu, yaani herufi zinazotumiwa na pande zote mbili.

Ugumu unakuja na namba kamili. Tuseme x ni 1 au 2, p = 1, q = 2, na f(x) hailingani na f(p) wala f(q). Hesabu haiwezi kuthibitisha x = p, wala x = q; inajua tu kwamba moja kati ya hayo ni kweli. Ukisubiri usawa mmoja mmoja, utatangaza kuwa jibu lipo, na hakuna. Lazima ugawanye njia, ujaribu kila tawi. Lakini usijaribu yote kijinga: vigeu 5 vina namna 52 za kupangwa katika makundi ya vinavyolingana, vigeu 10 vina 115,975. Afadhali uangalie jibu la muda la hesabu, yaani thamani ilizovipa vigeu kwa sasa; vigeu vilivyopata thamani moja uvikisie kuwa sawa kwanza.

Tahadhari nyingine: njia hii hudai kila nadharia, yaani kanuni za kila kitatuzi, ikubali ulimwengu wenye thamani zisizo na kikomo. Upande mmoja ukiwa na thamani mbili tu, mwingine utadai kwa furaha vigeu vitatu vyote tofauti, na hakuna usawa utakaovuka kuonya.

Na kila usawa unaovuka uende na sababu zake, yaani masharti yaliyouzaa, chache iwezekanavyo. Kitatuzi kinachotaja masharti yote kuwa chanzo cha mgongano kinaifanya programu inayojaribu matawi irudie kosa lilelile katika kila tawi.