Ua wa Miiba, Ua la Mei

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu hamjambo.

Lugha yetu ina neno ua. Wingi wake ukiwa nyua, ni uzio. Ukiwa maua, ni lile linalochanua. Northamptonshire, Uingereza, ninakoishi, kuna mti uliobeba maana zote mbili. Wenyewe wanauita hawthorn, na mwanzo wa jina hilo ni neno lao la kale la uzio. Mwiba wa ua, basi.

Haukupandwa kwa ajili ya urembo. Kati ya 1750 na 1850 hivi, Bunge lao lilipitisha maelfu ya sheria za kugawa ardhi iliyotumiwa na kijiji kizima iwe mali ya watu binafsi. Mipaka ikapandwa miti hii, maana inakua haraka na ng'ombe hapenyi kwenye miiba yake. Maskini aliyezoea kuchunga ng'ombe wake mmoja pale akajikuta nje ya ua. Nalisema hili mapema, kwa sababu siwezi kuusifu mti huu huku nimelificha.

Haya, njooni mwishoni mwa Machi. Miti mingi bado ni kama kuni, huu umeshachipua. Watoto wa zamani walivila vijani vyake njiani, wakiviita mkate na jibini. Ila mwezi wake hasa ni Mei. Ua mzima unakuwa mweupe, matawi huyaoni. Chuma kishada ukiweke kiganjani: kila ua lina petali tano, na katikati vichwa vya chavua vya rangi ya waridi, vidogo kuliko kichwa cha pini. Sasa nusa. Kwanza utamu, kisha nyuma yake harufu ya samaki aliyelala. Pua haikudanganyi: mna trimethilamini, kemikali ileile ya samaki anayeanza kuharibika, nayo huwavuta nzi waje kuchavusha. Ndiyo maana wazee wa kule walikataza kuliingiza ua hili ndani, wakisema linaleta kifo. Mimi naipenda. Nikiinusa nipo soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, jua la saa sita.

Majira ya joto ni majani tu. Kufikia Oktoba matunda yameiva, mekundu, vishada kwa vishada, na majani yakishapukutika hubaki peke yake kwenye miiba. Hapo hufika ndege kutoka Skandinavia, wenye vichwa vya kijivu. Asubuhi moja ya Januari, theluji imetanda, nilisimama hatua chache kutoka kwa mmoja wao. Alichuma tunda, akainua kichwa, akalimeza zima, akachuma jingine.

Kokwa hutoka na kinyesi, hulala ardhini mara nyingi hadi baridi ya pili ipite, ndipo huota. Karibu na kwangu kuna njia ya reli iliyoachwa siku nyingi. Katikati yake, mbali na mpaka wa shamba lolote, umeota mche wa hawthorn, sasa unanifika kiunoni. Mei iliyopita haukuchanua. Nitaupitia tena mwaka huu.